Ibada na Uzazi katika Michezo ya Njozi: Kipimo cha Msamiati wa Kiswahili

Utangulizi

Mashujaa wa tendi za Afrika aghalabu huanza ushujaa wao wakiwa bado tumboni. Mwindo, shujaa wa utendi wa Wanyanga wa mashariki ya Kongo, husimuliwa kuwa alijichagulia mwenyewe njia ya kuja duniani, akatokea katika kidole cha mama yake, ilhali baba yake alikwisha kutangaza kwamba hataki mtoto wa kiume. Msikilizaji wa utendi huo hahitaji kuambiwa zaidi. Namna ya kuzaliwa imekwisha kumjulisha kwamba mtoto huyu ana nguvu zinazomsimamia. Jambo hilo si la Wanyanga peke yao. Katika tendi na visaasili vya mataifa mengi, uzazi ni mlango ambapo binadamu na nguvu zilizo juu yake hukutana uso kwa uso.

Kwa sababu hiyo inastaajabisha kuona kwamba aina moja ya sanaa ya kisasa, ambayo imekopa miungu, mazimwi, makuhani na mashujaa kutoka katika tendi za kale, haikukopa tukio hili kwa kiasi hicho hicho. Sanaa hiyo ni michezo ya njozi. Katika michezo hiyo watu huketi pamoja, kila mmoja akachukua nafsi ya mhusika wa kubuni, na mmoja wao akawa msimulizi anayeueleza ulimwengu wa mchezo na kuamua, kwa msaada wa kanuni na dadu, matokeo ya yale yanayotendwa na wengine. Mchezo wa kwanza wa aina hii kuchapishwa na kuuzwa ulikuwa Dungeons & Dragons, uliotolewa nchini Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Baada yake ilifuata mingine mingi, na kila mmoja ukajibunia watu wake, miungu yake, mila zake na miiko yake. Kwa maana hiyo ni halali kuzungumzia tamaduni za michezo hii, ingawa hakuna mtu aliyezaliwa ndani yake.

Mhadhara huu unachunguza uhusiano uliopo kati ya ibada na uzazi katika tamaduni hizo, kwa kutumia michezo mitatu: Dungeons & Dragons, RuneQuest pamoja na ulimwengu wake wa Glorantha, na Pendragon. Hoja inayotetewa ni kwamba uzazi ndio unaobainisha iwapo dini ya kubuni ina ibada, au ina ufundi tu uliovikwa jina la ibada. Aidha, inaelezwa kwamba Kiswahili kina msamiati na sarufi ya kuitaja tofauti hiyo, na kwamba mfasiri asiyeitambua ataiharibu lugha na mchezo kwa pamoja.

Vitenzi vitatu vya uzazi

Kabla ya kuitazama michezo yenyewe, ni vyema kutazama kwanza namna Kiswahili kinavyosema kuhusu uzazi. Vitenzi vitatu vinatosha kwa kazi hii: kuzaa, kujifungua na kujaliwa.

Kitenzi kuzaa ni cha asili ya Kibantu, na mnyambuliko wake ni mpana. Kutokana nacho hupatikana mzazi, uzazi na kizazi, lakini pia zao na mazao. Mwanamke huzaa, mwembe huzaa, na shamba hutoa mazao. Msemaji wa Kiswahili hahitaji kufundishwa kwamba rutuba ya ardhi na rutuba ya tumbo ni mambo yanayokaribiana; mzizi wa neno umekwisha kumfundisha. Katika kuzaa, mama ni mtenda kamili.

Kitenzi kujifungua kina umbo la kuvutia zaidi. Msingi wake ni funga, ambao huingia katika kauli ya kutendua na kuwa fungua, kisha hupokea kiambishi rejeshi ji. Maana ya juu ni kwamba mama amejiondolea kifungo. Hapa mama ni mtenda na mtendwa kwa wakati mmoja. Fikra ya namna hii haikuwa ngeni kwingineko. Warumi wa kale walimwomba Juno Lucina awasimamie wajawazito, na waliomwendea kwa ibada walipaswa kufungua mafundo ya nguo na ya nywele. Mshairi Ovid alisimulia jinsi mungu huyo wa uzazi alivyomchelewesha Hercules kuzaliwa kwa kuketi amepandanisha miguu na kufumbata vidole vyake. Haidaiwi hapa kwamba Kiswahili kiliazima chochote kutoka Roma. Kinachoonekana ni kwamba watu waliotengana kwa mbali waliuona uzazi kuwa ni fundo linalopaswa kufunguka, na kwamba haijulikani ni nani hasa anayelifungua.

Kitenzi kujaliwa, kinachotokana na Kiarabu, kiko katika kauli ya kutendwa. Mtu hasemi kwamba amejijalia mtoto. Husema amejaliwa mtoto, na mtenda mara nyingi hatajwi kwa kuwa anajulikana. Majina ya watu yanashuhudia jambo hilo: Majaliwa, Riziki, Zawadi, Neema. Hata majina ya upande wa pili, kama vile Tabu, Shida na Mashaka, yanahifadhi kumbukumbu kwamba kuzaliwa huko hakukuwa na uhakika.

Vitenzi hivi vikikutana katika sentensi moja, fikra nzima hudhihirika. Mjamzito huambiwa: Mungu akujalie ujifungue salama. Vitenzi vyote viwili viko katika dhamira tegemezi. Hakuna anayeamuru na hakuna anayetoa taarifa. Msemaji anaomba, Mungu anategemewa kutenda, na mama naye ana kazi yake ambayo hakuna mwingine awezaye kumfanyia. Hiyo ndiyo sarufi ya dua.

Ikumbukwe kwamba sarufi hiyo haikumzuia yeyote kufanya kazi. Katika pwani ya Afrika Mashariki mjamzito ameweza kusomewa dua na kunyweshwa kombe, yaani maji yaliyooshea aya zilizoandikwa kwenye sahani. Lakini mkunga naye ameitwa, na mikono yake imefanya kazi huku midomo ikiomba. Mtoto akizaliwa huadhiniwa sikioni, hufanyiwa akika siku ya saba, na mama hukaa arobaini. Wakristo wana sala zao za shukrani na ubatizo, na jamii nyingi za bara zimekuwa na matambiko kwa wahenga. Ibada hizi zinatofautiana sana, lakini zote zinaishi mahali ambapo matokeo hayamo mkononi mwa mwombaji. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2023 wanawake wapatao 260,000 walifariki kutokana na ujauzito na uzazi, na takriban asilimia 70 kati yao walikuwa katika Afrika kusini mwa Sahara. Neno salama katika sentensi iliyotajwa hapo juu si pambo.

Kuhani wa kambini

Dungeons & Dragons ilichipuka kutoka katika michezo ya vita iliyochezwa kwa sanamu ndogo za askari, na toleo la mwaka 1974 lilijieleza waziwazi kuwa ni kanuni za michezo ya vita. Wahusika walikuwa wa aina tatu: mpiganaji, mchawi na kuhani. Kuhani aliingia katika mchezo akiwa na kazi inayoeleweka vitani: kuponya majeraha, kuwafukuza wafu wanaotembea, na, akifikia daraja la juu, kuwafufua waliouawa. Kwa ufupi, dini iliingia ikiwa tabibu wa kambi.

Asili hiyo imeacha alama ya kudumu. Katika toleo la tatu la mwaka 2000, kila mungu aligawiwa nyanja za mamlaka, na kuhani wake alichagua mbili kati ya hizo. Kitabu cha wachezaji cha mwaka huo kiliorodhesha nyanja 22. Zimo Kifo, Vita, Maangamizi, Bahati, Safari, Jua, hata Hila. Uponyaji na Ulinzi vimo pia. Uzazi haumo. Ulimwengu wa Forgotten Realms ulipoongeza nyanja nyingine mwaka 2001, ilipatikana nyanja ya Familia. Lakini toleo la tano la mwaka 2014 lilirudi kwenye orodha fupi ya nyanja saba, na nyanja yake ya Uhai inahusu zaidi kuponya kuliko kuzaa. Hata visaasili vya asili ya watu wa mchezo huu mara nyingine hukwepa tumbo la mama. Mbilikimo wa njozi, kwa mfano, husimuliwa kuwa walifuliwa na mungu wao Moradin kama mhunzi anavyofua chuma. Kwa Kiswahili ingesemwa kwamba waliumbwa, hawakuzaliwa.

La msingi zaidi ni namna ibada yenyewe inavyofanya kazi. Kanuni zinasema kwamba kuhani huomba kila siku, naye hupewa idadi fulani ya miujiza ya kutumia. Idadi hiyo inajulikana, nguvu ya kila muujiza inajulikana, na gharama yake inajulikana. Kumfufua aliyekufa, katika toleo la mwaka 2014, huhitaji almasi yenye thamani ya sarafu 500 za dhahabu. Mungu akiwa hajakasirishwa, hakuna sababu ya kukataa. Methali isemayo kuwa mkono mtupu haulambwi ingefaa kuwa kanuni ya hekalu hilo.

Kwa mantiki hiyo, kutoonekana kwa uzazi hakukutokana na kusahau tu. Tukio la uzazi likiingizwa katika mfumo huu, ama linakuwa jeraha moja zaidi la kuponywa kwa muujiza wenye kipimo, ama linaudhihirisha upungufu wa mfumo mzima. Mama aliye karibu na kuhani mwenye uwezo wa kufufua wafu hana sababu ya kuogopa, na asiyeogopa hana haja ya kuomba. Ni kweli kwamba msimulizi ana uhuru wa kusimulia uzazi wenye hofu na maombi, na hakuna kanuni inayomkataza. Hata hivyo, akifanya hivyo anafanya kwa juhudi yake mwenyewe, si kwa msaada wa kitabu.

Mungu mama na kumbukumbu ya ukoo

Njia ya pili inaonekana katika Glorantha, ulimwengu uliobuniwa na Greg Stafford, aliyefariki mwaka 2018. Ulimwengu huo ulichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1975 katika mchezo wa ubao, kisha ukawa makazi ya RuneQuest mwaka 1978. Stafford alikuwa msomaji mkubwa wa visaasili, na jambo hilo linaonekana. Kitabu cha Cults of Prax cha mwaka 1979, alichokiandika pamoja na Steve Perrin, kilieleza kila dini kwa kisaasili chake, mpangilio wake, masharti ya kuingia na uhusiano wake na dini nyingine. Miongoni mwake imo ibada ya Eiritha, mama wa mifugo, ambayo ni ya wanawake wa makabila ya wafugaji, ilhali wanaume humfuata Waha.

Katika jamii za wakulima wa ulimwengu huohuo, mungu mama ni Ernalda, mwenye mamlaka juu ya ardhi, mazao na uzazi. Msemaji wa Kiswahili humwelewa mara moja, kwa kuwa mzizi wa kuzaa umekwisha kuyaweka mamlaka hayo pamoja. Mfuasi wa mungu wa Glorantha haombi tu. Hutoa zaka ya mapato na ya muda wake, hutoa sehemu ya nguvu ya nafsi yake, na hushiriki katika ibada ambazo huyarudia matendo ya mungu wake wakati wa mwanzo wa dunia. Mchezo wa kompyuta wa King of Dragon Pass, uliotolewa mwaka 1999, uliliweka wazi jambo hili. Mchezaji huongoza ukoo mzima kwa baraza la watu saba; hujenga mahali pa ibada, hutoa ng'ombe na mali kuwa sadaka, na kila mwaka huhesabu watu wake. Anapotaka baraka kubwa, hana budi kumtuma mtu mmoja apite tena katika kisaasili cha mungu, hatua kwa hatua. Asiyekikumbuka kisaasili hupotea njiani.

Hapa ibada imekaribia zaidi ile inayojulikana katika jamii za kweli. Inawahusu watu wote wa ukoo, ina siri za wanawake na za wanaume, na inategemea kumbukumbu inayorithishwa. Kiswahili kina maneno yanayofaa: tambiko kwa ibada ya ukoo, nadhiri kwa ahadi ya mfuasi, kunga kwa yale yasiyosemwa hadharani. Neno mkunga nalo masikioni mwa msemaji halikai mbali na kunga hizo. Hata hivyo, bado yamebaki mapatano. Sadaka ikitosha na kisaasili kikikumbukwa, baraka hutarajiwa. Tofauti na kuhani wa kambini ni kwamba bei hapa hulipwa kwa maisha ya jamii nzima, si kwa almasi.

Majira ya baridi

Njia ya tatu ni ya Stafford pia, lakini iko katika mchezo mwingine. Pendragon, uliotolewa mwaka 1985, unahusu mashujaa wa Mfalme Arthur wa Uingereza ya masimulizi. Aghalabu kila mwaka wa mchezo huwa na safari moja ya ushujaa, kisha huja majira ya baridi, ambapo mchezaji huhesabu mambo ya nyumbani: umri, farasi, mavuno na familia. Shujaa aliyeoa hurusha dadu ili kujua iwapo mkewe amezaa. Matokeo yanayowezekana ni pamoja na mtoto mmoja na mapacha, lakini pia kifo cha mama, na kifo cha mama na mtoto pamoja. Dadu nyingine hurushwa kujua iwapo watoto waliokwisha kuzaliwa wameuvuka mwaka.

Kanuni hii si ya pembeni. Mchezo wa Pendragon umekusudiwa kuchezwa kwa vizazi. Kampeni kuu iliyochapishwa mwaka 2006 ina urefu wa takriban miaka themanini. Shujaa akifa, mchezaji humchukua mrithi wake. Pasipo uzazi, hadithi ya mchezaji huyo hukatika. Kwa hiyo anayeshika dadu ya majira ya baridi huwa na jambo zito mkononi.

Dini nayo imo, lakini kwa sura tofauti. Kuna Wakristo na wafuasi wa dini za kale, na kila dini huthamini tabia tano. Tabia hupangwa kwa jozi zinazopingana, kama vile usafi wa mwili na tamaa, rehema na ukatili. Ucha Mungu hupimwa kwa namna mtu anavyoishi mwaka mzima, wala si kwa idadi ya miujiza aliyokabidhiwa. Anayezitimiza tabia za dini yake hupata thawabu, kama vile uwezo zaidi wa kustahimili majeraha. Lakini ifikapo siku ya uzazi, shujaa hana muujiza wa kutoa mfukoni. Amekwisha kuishi alivyoishi. Lililobaki halimo mkononi mwake.

Ni dhahiri kwamba Pendragon haina mungu wa uzazi wala ibada ndefu ya uzazi. Tena uzazi unaoonekana ni ule utazamwao na mume: mama hatendi lolote katika jedwali, bali hutendewa na dadu. Huo ni upungufu mkubwa, na Kiswahili hukubaliana na ukosoaji huo kila kinaposema kujifungua. Pamoja na hayo, kati ya michezo mitatu iliyochunguzwa, ni huu unaoacha nafasi ambamo sentensi ya Mungu akujalie ujifungue salama inaweza kusemwa kwa maana yake kamili. Katika mchezo wa kwanza sentensi hiyo ingekuwa ya adabu tu, kwa kuwa muujiza umekwisha kulipiwa. Katika wa pili ingekuwa sehemu ya mapatano. Katika wa tatu ni dua.

Suala la tafsiri

Uchambuzi huu una faida ya moja kwa moja kwa wafasiri na kwa waandishi chipukizi wanaotaka kubuni malimwengu yao kwa Kiswahili. Jambo la kwanza ni uteuzi wa neno kwa kazi ya kuhani wa Dungeons & Dragons. Kishawishi cha kwanza ni kuiita dua au sala. Ingefaa zaidi kuiita uganga wa kuhani, na kutumia hazina iliyopo: kago kwa kinga ya mwili, zinguo kwa kuondoa husuda na uchawi, fingo kwa kinga inayofukiwa ardhini. Maneno haya yanataja ufundi wenye masharti na matokeo yanayotarajiwa, na ndivyo ilivyo katika mchezo. Neno dua libaki kwa yule asiyejua jibu atakalopewa.

Jambo la pili ni neno mungu. Wingi wake, miungu, una kiambishi cha ngeli ambayo kwa kawaida si ya watu, na upatanisho wake huyumba kati ya miungu wao na miungu yao. Mwandishi anayebuni ulimwengu wa miungu wengi hana budi kuamua mapema upatanisho atakaoutumia, kwani uamuzi huo humwambia msomaji iwapo hao ni nafsi zinazoweza kuombwa au ni vitu vinavyoweza kutumiwa. Mungu mama wa ardhi astahiki upatanisho wa viumbe hai.

Jambo la tatu ni vitenzi vya uzazi vyenyewe. Jamii ya kubuni inayoamini kwamba mtoto hununuliwa kwa sadaka haitasema imejaliwa. Pengine itasema imepata, au imelipwa. Jamii inayoamini kwamba mwanamke hujitosheleza itasema huzaa na kunyamaza hapo. Jamii inayoogopa na kutumaini ndiyo itakayohitaji kujaliwa. Mwandishi akivitumia vitenzi hivi kiholela, wahusika wake wote watakuwa na dini moja bila yeye kukusudia.

Hitimisho

Imeelezwa kwamba michezo ya njozi imeuhusisha uzazi na ibada kwa njia tatu: kwa kuuacha nje na kuifanya ibada kuwa ufundi, kwa kuuingiza katika mapatano ya ukoo na mungu mama, na kwa kuuacha mikononi mwa bahati huku ucha Mungu ukibaki katika mwenendo wa mtu. Imeonyeshwa pia kwamba Kiswahili hutofautisha mambo hayo kwa kauli za vitenzi vyake. Wapo watakaoona kwamba mchezo ni mchezo, na kwamba haupaswi kupimwa kwa maneno yanayosemwa katika chumba cha kujifungulia. Jibu ni kwamba maneno hayo hayana nakala mbili. Neno dua analolikuta kijana katika mchezo uliofasiriwa ndilo hilohilo atakaloambiwa siku mkewe au dada yake atakapokuwa katika uchungu. Likiwa limekwisha kuzoeleka kwa maana ya kitu kinachotolewa kwa idadi na kupata jibu kwa hakika, siku hiyo litamfaa kidogo. Wahenga walisema kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Kazi ya mwanaisimu na ya mfasiri ni kuhakikisha kwamba mzazi huyo hakosi maneno ya kuuombea.